Gandhi alipolala njaa London: kisa cha mwanafunzi wa ugenini, 1888–1891

Ukitajiwa jina la Gandhi, picha inayokuja haraka ni ya mzee mwembamba mwenye shuka jeupe na miwani ya duara, mtu aliyekuwa akigoma kula mpaka wakubwa wanakosa usingizi. Leo, ndugu msomaji, naomba uiweke picha hiyo pembeni. Mfikirie badala yake kijana wa miaka 18 kutoka mji wa Rajkot, magharibi mwa India. Ni mwoga wa kuongea mbele za watu, ameacha mke na mtoto mchanga nyumbani, amekwenda London kusomea sheria, na usiku analia chumbani kwa sababu amekumbuka kwao na tumbo liko tupu.

Huyo ndiye Mohandas Gandhi wa mwaka 1888. Nimemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, aliandika karibu kila kitu: alikula nini, alilipa shilingi ngapi, aliona aibu wapi. Katika tawasifu yake, aliyoanza kuichapisha kwa sehemu mwaka 1925, sura za London zinazungumzia chakula kwa kirefu mno kwa mtu aliyekwenda kusoma sheria. Pili, kisa chake kinaonyesha jambo ambalo wengi wetu tunaosoma nje huwa tunalielewa vibaya. Tunadhani shida ya chakula ugenini ni ya tumbo: limezoea ugali, halitaki viazi vya kuchemsha. Kumbe tumbo ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni aibu ya kuuliza, na kutojua mlango wa kugonga uko wapi.

Kiapo kabla ya safari

Familia ya Gandhi ilikuwa ya Wahindu wasiogusa nyama. Kama umekulia Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Kampala, watu wa namna hii si wageni kwako. Gujarat, eneo alikotoka Gandhi, ndiko walikotoka wengi wa Wahindi wa Afrika Mashariki, na bila shaka umewahi kumjua mwenye duka ambaye nyumbani kwake hakuingii hata yai.

Baba yake alifariki mwaka 1885. Mohandas akaanza chuo huko Bhavnagar mapema mwaka 1888, akashindwa kufuata masomo, akarudi nyumbani baada ya muhula mmoja. Hapo rafiki wa familia, Mavji Dave, akatoa ushauri ambao hata leo ungeusikia kwenye kikao cha ukoo. Shahada ya hapa itakula miaka minne au mitano na mwisho wake ni kazi ndogo ya ofisini. Nenda London, miaka mitatu tu unarudi wakili kamili.

Mama yake, Putlibai, hakuwa na raha. Alikuwa amesikia kwamba vijana wakifika Uingereza hupotea, wanakula nyama na kulewa. Suluhisho likawa kiapo. Mbele ya mtawa wa dini ya Kijaini aitwaye Becharji Swami, kijana akaapa kutogusa nyama, pombe wala wanawake. Mama akaridhika, ila wazee wa tabaka lake mjini Bombay hawakuridhika. Wakamtenga, na wakatangaza faini ya rupia moja na ana nne kwa yeyote atakayemsaidia au kwenda kumuaga bandarini. Akaondoka hivyo hivyo, tarehe 4 Septemba 1888, kwa meli iitwayo Clyde.

Angalia tayari ana mizigo mingapi: pesa za familia, sifa ya familia, kiapo kwa mama, na kutengwa na watu wake. Mwanafunzi anayepanda ndege leo na kilo 23 za begi huwa na mizigo mingine kama hiyo ambayo haipimwi uwanjani.

Njaa katikati ya mji ulioshiba

Njaa ilianzia melini. Si kwamba chakula hakikuwepo. Gandhi hakujua kutumia kisu na uma, na aliona haya kumuuliza mhudumu sahani ipi haina nyama. Basi akajifungia chumbani akala matunda na vitu vitamu alivyofungiwa nyumbani. Abiria wenzake wakawa wanamwonya kwa nia njema: kwa sasa sawa, lakini tukiingia kwenye bahari ya baridi utaomba nyama mwenyewe.

London alifikia Victoria Hotel, hoteli kubwa ya bei ya juu. Hapo akajifunza somo la kwanza la uchumi wa ugenini: akiletewa sahani asiyoipenda akaomba nyingine, analipia zote mbili. Alilipa pauni 3, na bado alikuwa akiishi kwa vyakula alivyotoka navyo Bombay.

Baadaye akapelekwa kukaa mwezi mmoja Richmond kwa rafiki, azoee mila za Waingereza. Asubuhi alipewa uji wa oti, nao ulimshibisha. Mchana na jioni ilikuwa spinachi ya kuchemsha isiyo na kiungo hata kimoja, mkate na jamu. Maziwa hakuna. Tumbo lake lilikuwa zuri na lilitaka mkate mwingi, lakini aliona haya kuomba zaidi ya vipande viwili au vitatu.

Hapo ndipo pa kutulia kidogo. Mkate ulikuwepo mezani. Mwenyeji hakumnyima. Kilichosimama kati ya kijana na kipande cha nne ni aibu.

Kutoka Richmond akahamia West Kensington, kwa mama mmoja mjane aliyewahi kuishi India. Mama mwenye nyumba naye hakujua ampikie nini mtu asiyekula nyama. Binti zake wawili walikuwa wakimsisitiza aongeze kipande kimoja au viwili vya mkate. Wale mabinti hawakujua kwamba angeweza kumaliza mkate mzima.

Na hii ilikuwa London, moja ya miji tajiri kuliko yote duniani wakati huo. Mwaka 1882 meli Dunedin ilikuwa imefikisha hapo shehena ya kwanza ya nyama ya kugandishwa kutoka New Zealand, na nyama ya ng'ambo ilikuwa ikizidi kushusha bei. Mji ulikuwa unashiba kuliko zamani. Mgeni wetu alikuwa na pesa mfukoni na alikuwa analala njaa.

"Bila nyama hutaweza": sayansi ilisema nini?

Karibu kila mtu alimwambia Gandhi kitu kimoja: hii ni nchi ya baridi, bila nyama utadhoofika. Na yeye mwenyewe alikuwa tayari nusu ameamini. Alipokuwa kijana mdogo Rajkot, rafiki yake mmoja alimshawishi ale nyama ya mbuzi kwa siri, kwa hoja kwamba Waingereza wanaitawala India kwa sababu wanakula nyama. Alionja mara chache, kisha akaacha, kwa kuwa hakuweza kuendelea kuwadanganya wazazi wake.

Tukiiangalia kama watu wa sayansi, imani hiyo ilikuwa na mizizi yake maabara. Katikati ya karne ya 19 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alifundisha kwamba misuli inapofanya kazi inaunguza protini yake yenyewe. Kwa hiyo anayefanya kazi nzito lazima arudishe protini nyingi, na kwa watu wengi wa Ulaya protini maana yake ilikuwa nyama. Jina lake liliuza hata dawa ya nyama iliyokolezwa, ya kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1865.

Sasa, mwaka huo huo wa 1865, maprofesa wawili wa Zürich, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliamua kulijaribu jambo hili kwa miguu yao. Walipanda mlima Faulhorn huko Uswisi, mwinuko wa karibu mita 2,000. Tangu siku iliyotangulia walikuwa hawajala protini, bali maandazi ya wanga yaliyokaangwa kwa mafuta, na chai yenye sukari. Njiani walikusanya mkojo wao wote, wakapima naitrojeni iliyomo, kwa sababu protini ikivunjwa mwilini naitrojeni yake hutokea huko. Hesabu ikaonyesha kwamba protini iliyovunjwa ilikuwa kidogo mno kuweza kubeba miili yao hadi kileleni. Nguvu ilitoka kwenye wanga na mafuta.

Kwa hiyo Gandhi alipokuwa akitishwa mwaka 1888, hoja kwamba nguvu hutoka kwenye nyama ilikuwa imeshatobolewa miaka 23 nyuma. Lakini habari za maabara hutembea polepole kuliko habari za mezani. Hilo bado lipo. Mwanafunzi mgeni huambiwa na kila mtu ale nini, aache nini, na wanaomwambia huwa wanasema kwa uhakika mkubwa.

Nisieleweke vibaya: mwili unahitaji protini, na asiyekula chochote cha mnyama anahitaji kutafuta vitamini B12, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mwaka aliouawa Gandhi. Lakini oti, mkate, maziwa na jamii ya kunde ni chakula halali kabisa kwa mtu anayesoma sheria London. Hakuwa anakufa kwa kukosa nyama. Alikuwa anakonda kwa kukosa kipande cha nne cha mkate.

Mlango wa Farringdon Street

Mama mwenye nyumba alikuwa amemdokeza kwamba mjini kuna migahawa ya wasiokula nyama. Hakujua iko wapi, lakini alisikia ipo. Gandhi akaanza kutembea. Alitembea maili 10 au 12 kwa siku, akiingia migahawa ya bei rahisi na kujaza tumbo kwa mkate, akitoka bila kuridhika. Siku moja akaibukia Farringdon Street, na hapo akauona mgahawa wenyewe. Anasema alifurahi kama mtoto aliyepewa kitu anachokitaka kuliko vyote.

Kabla hajakaa, aliona vitabu vinauzwa kwenye kabati la kioo karibu na mlango. Akanunua kimoja kwa shilingi moja: kijitabu cha Henry Salt cha kutetea ulaji wa mboga. Kisha akaingia ndani akala mlo wake wa kwanza wa kushiba tangu akanyage Uingereza.

Unaona kilichokuwa kimetokea? Chakula chake kilikuwepo London muda wote. Waingereza wasiokula nyama walikuwa na chama chao tangu mwaka 1847, walikuwa na migahawa, na walikuwa na gazeti la kila wiki. Hakuna aliyekuwa amemwambia kijana huyu, na yeye hakuwa amejua amuulize nani. Kati ya njaa yake na shibe yake palikosekana taarifa moja tu: jina la mtaa.

Na kile kijitabu kilifanya kazi ya pili. Mpaka siku ile Gandhi alikuwa hali nyama kwa sababu ya kiapo tu, na moyoni aliwahi kutamani Wahindi wote siku moja wale nyama wapate nguvu. Baada ya kumsoma Salt, akawa mla mboga kwa kuchagua mwenyewe. Kitu alichotoka nacho nyumbani alikutana nacho tena ugenini, kimeandikwa na Mwingereza, kina hoja zake. Wengi wetu tumepitia hali hiyo. Kuna mambo ya kwetu ambayo hatujawahi kuyafikiria mpaka pale mgeni alipotuuliza kwa nini tunayafanya.

Kofia, fidla na supu

Usidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kuna kipindi cha miezi kama mitatu ambacho Gandhi aliamua kuwa bwana wa Kiingereza. Kofia ndefu ya hariri, shilingi 19. Suti ya jioni ya Bond Street, pauni 10. Kaka yake akaombwa mkufu wa dhahabu wa saa, akautuma. Pauni 3 za kujifunza kucheza dansi, pauni 3 za kununua fidla, na gini moja kwa mwalimu wa kumfundisha kutoa hotuba. Kila siku alisimama dakika 10 mbele ya kioo kikubwa akifunga tai na kunyoosha nywele.

Hoja yake ilikuwa kwamba, kwa kuwa kwenye chakula amekataa kufanana nao, basi afidie kwa mengine. Hii ni hesabu ambayo wageni wengi huifanya kimyakimya: nikiwa tofauti hapa, nijibane kule.

Katika siku hizo rafiki yake yule wa Richmond alimwalika chakula kabla ya kwenda kuangalia mchezo wa kuigiza. Alimpeleka Holborn Restaurant, mahali pa fahari. Nia ya rafiki ilikuwa njema: mahali kama hapa Mohandas ataona haya kuuliza maswali, atakula kama watu. Supu ikaletwa. Gandhi akamwita mhudumu amuulize kama ni ya mboga. Rafiki akachukia na kumwambia kama hawezi kuwa na adabu mezani aondoke, akale kwingine, amsubiri nje. Gandhi akaondoka. Mgahawa wa mboga uliokuwa karibu ulikuwa umefungwa. Usiku ule alikwenda kutazama mchezo na njaa yake, na urafiki haukuvunjika.

Ukiwa Mwislamu unayesoma Ulaya au China unaijua supu hiyo. Nyama hii imechinjwaje? Keki hii ina mafuta ya nguruwe? Ukiuliza unaonekana msumbufu, usipouliza unakosa amani. Gandhi hata kwenye migahawa ya mboga hakupona, kwa sababu keki na vitindamlo vingi vilikuwa na mayai. Kulikuwa na watu waliomwambia kwamba yai si nyama, na kwa muda akayala. Halafu akajiuliza kiapo kile kinapaswa kusomwa kwa maana ya nani. Jibu lake: kwa maana ya aliyeapishwa kwa ajili yake, yaani mama, na kwa mama yai lilikuwa nyama. Akaacha, akarudi kuuliza maswali kwa wahudumu. Ila tofauti na zamani, sasa aliuliza.

Shilingi moja na peni tatu kwa siku

Kilichomtoa kwenye ubwana ule ni daftari. Gandhi aliandika kila senti aliyotumia, ikiwemo nauli ya basi na stempu za barua, na kila usiku alijumlisha kabla ya kulala. Akaona pesa za kaka yake zinavyoyeyuka. Akahama kutoka kuishi na familia, ambako alilipia milo hata kama hakuila, akapanga vyumba viwili vyake. Gharama ikapungua nusu. Baadaye akahamia chumba kimoja, akanunua jiko. Asubuhi akajipikia uji wa oti na kakao, mchana akala nje, jioni mkate na kakao nyumbani.

Chakula cha siku nzima kilimgharimu shilingi 1 na peni 3. Kwa kuwa shilingi ya Kiingereza ilikuwa na peni 12, wiki nzima ni shilingi 8 na peni 9, chini ya nusu ya pauni. Na alikuwa akitembea maili 8 hadi 10 kwa siku badala ya kupanda basi, jambo ambalo anasema ndilo lililomlinda asiugue.

Kipindi hicho hicho alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa matrikulesheni wa London, wenye Kilatini na Kifaransa ndani yake. Alianguka Kilatini mara ya kwanza, akarudia, akapita mwaka 1890. Kupika mwenyewe kulimchukua kama dakika 20, na akapata muda wa kusoma.

"Kula mihula"

Uwakili wenyewe ulikuwa na sharti la ajabu. Ili uitwe wakili ilikuwa lazima ufaulu mitihani na "ule mihula" 12, yaani uhudhurie chakula cha jioni ukumbini pamoja na mawakili na wanafunzi wenzako. Katika kila muhula kulikuwa na karamu kama 24, na ulitakiwa uwepo angalau kwenye 6. Piga hesabu: karamu 72 kwa uchache. Desturi hii ilitoka zamani, wakati wanafunzi wachache walijifunza kazi kwa kukaa meza moja na wakubwa wao. Mpaka Gandhi anafika, wanafunzi walikuwa wakikaa meza zao na wakubwa zao, maana ya mwanzo imepotea, sharti limebaki.

Chuo chake kilikuwa Inner Temple. Chakula kimoja kiligharimu kati ya shilingi 2 na peni 6 na shilingi 3 na peni 6, yaani mara mbili au zaidi ya bajeti yake ya siku nzima. Na nyama na mvinyo hakugusa. Mwanzoni alikula mkate, viazi vya kuchemsha na kabichi. Lakini kwa kila kundi la watu wanne zilitolewa chupa mbili za mvinyo. Basi Gandhi akawa mtu anayegombewa: kila kundi lilimtaka awe wa nne wao, ili chupa mbili zigawanywe kwa watatu!

Baadaye akafanya jambo ambalo yule kijana wa melini asingethubutu. Yeye na mwanafunzi mwenzake Mparsi, naye asiyekula nyama, waliandika ombi rasmi wapewe chakula cha mboga. Likakubaliwa. Wakaanza kuletewa matunda na mboga kutoka meza za wakubwa. Miaka mingapi ya wanafunzi wenye haya ingepita kabla mtu hajaomba?

Ulimi au akili?

Wakati huo Gandhi alikuwa ameacha hata viungo alivyotumiwa kutoka nyumbani. Na akagundua jambo lililomshangaza: ile spinachi ya kuchemsha iliyomshinda Richmond sasa ilikuwa tamu. Akahitimisha kwamba ladha haikai hasa kwenye ulimi, inakaa akilini.

Saikolojia ya karne iliyofuata imempa nusu ya haki. Mwaka 1968 Robert Zajonc alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba tunaanza kupenda vitu kwa sababu tu tumekutana navyo mara nyingi. Mwaka 1982 Patricia Pliner akalijaribu kwa vinywaji: aliwaonjesha watu juisi za matunda ya nchi za joto wasizozijua, nyingine mara 5, nyingine 10, nyingine 20. Zile walizozionja mara nyingi ndizo walizozipenda zaidi. Kwa hiyo ukikataa chakula kipya baada ya kukionja mara moja, hujajua bado kama hukipendi. Unajua tu kwamba ni kigeni.

Lakini kuna sharti. Ili uonje mara ya kumi lazima uwe umeshiba kiasi, umetulia, na hulazimishwi. Gandhi hakuipenda spinachi alipokuwa na njaa kwenye meza ya watu. Aliipenda alipokuwa na jiko lake, marafiki zake, na mgahawa anaoujua njia yake.

Meza ile ile

Marafiki aliwapata kwa njia ya chakula. Alianzisha klabu ndogo ya wala mboga mtaani kwake Bayswater, Dk. Josiah Oldfield akiwa rais, Edwin Arnold makamu, yeye mwenyewe katibu. Akachaguliwa kwenye kamati kuu ya chama cha wala mboga cha London. Mwaka 1891 gazeti lao likachapisha mfululizo wa makala zake kuhusu vyakula na desturi za Wahindi. Ndiyo maandishi yake ya kwanza kuchapishwa. Kuongea mbele za watu bado kulimshinda, hata hotuba zake alisomewa na wengine. Lakini kuandika ombi, kuendesha kikao, kuweka hesabu za klabu, kutetea msimamo wa wachache kwa adabu: hayo yote alianza kuyafanya kwenye siasa ndogo za kabichi na mkate.

Tarehe 10 Juni 1891 akaitwa rasmi kuwa wakili, na tarehe 12 akapanda meli kurudi. Kabla ya kuondoka aliwaalika rafiki zake kwenye chakula cha kuagana. Alichagua Holborn Restaurant, pale pale alipotolewa kwa ajili ya swali la supu. Aliwaomba wapike mlo mzima usio na nyama, nao wakapika. Hotuba ilimshinda tena, akasema sentensi chache akakaa. Lakini watu walikula.

Aliposhuka Bombay, kaka yake alimpa habari waliyomficha: mama alikuwa amefariki yeye akiwa London. Mwenye kiapo hakuwepo tena kusikia kwamba kilitimizwa.

Mwaka 1893 Gandhi alisafiri tena, safari hii kwenda Afrika Kusini kikazi. Meli yake ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alipanga chumba mjini kwa siku kadhaa akisubiri meli nyingine. Akiwa Afrika Kusini alikaa chini akaandika mwongozo kwa vijana wa India wanaokwenda kusoma London: ubebe nguo gani, upange wapi, ule nini na kwa bei gani, na hesabu za kuonyesha kwamba mtu anaweza kuishi kwa pauni 1 kwa wiki. Haukuchapishwa wakati ule. Nadhani ni moja ya maandishi yake yenye huruma zaidi, kwa kuwa unamjibu yule kijana wa Richmond kila swali aliloona haya kuuliza.

Kwa hiyo, msomaji, kama unafunga begi mwaka huu, bebea unga wako na pilipili zako, hakuna ubaya. Lakini kabla ya unga tafuta watu watatu waliokutangulia, uwaulize duka liko mtaa gani, mchinjaji ni nani, sehemu ya kupika ikoje, na pesa inakwisha wiki ya ngapi. Na kama wewe ndiye uliyetangulia, usisubiri mgeni akuulize. Andika majina ya mitaa, weka bei, mtumie kabla hajapanda ndege. Na ukimkaribisha kwako, mwongezee mkate bila kumuuliza kama ameshiba. Atakwambia ameshiba.